Jua la Bure la Bwana Bei

Kuna wanaume wanaojua kulima, kuna wanaojua kujenga, na kuna mmoja aliyejua bei. Mtaa mzima ulimwita Bwana Bei, naye alilipokea jina hilo kama mtu aliyevishwa kilemba. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi mbele ya kibanda cha barafu, mguu juu ya mguu, shati jeupe limenyooka, akiwaambia wapita njia kwamba wamepunjwa. Ukipita na kuku atakuuliza umemnunuaje. Ukimjibu, atacheka kwanza, kisha atakutajia mahali ambapo ungempata kwa nusu ya hapo. Mahali penyewe yeye hajawahi kufika.

Nyuma ya benchi hilo kulikuwa na friza mbili, na nyuma ya friza kulikuwa na mke. Yeye walimwita Mama Barafu. Ndiye aliyechota maji, akayafunga kwenye vifuko vya nailoni, akavipanga ndani kama mtu anayejenga ukuta, na kila baada ya muda akavigeuza, vya juu vikaenda chini, vya chini vikaja juu, ili barafu iwe ngumu mpaka moyoni. Muuza samaki alichukua kwake, muuza maziwa alichukua kwake, na wenye soda walipanga foleni. Umeme wa nguzo ulipokatika, na ulikuwa ukikatika kama chafya, bila kuaga mtu, ndiye aliyekimbia nyuma kuvuta kamba ya jenereta.

Jenereta lenyewe lilikuwa zee, linakohoa moshi mweusi kabla halijashika, na kwa hiyo walilipa jina la Mkohozi. Kwa miaka yote hiyo ya kulivuta, bega la kulia la Mama Barafu lilikuwa limenenepa kuliko la kushoto, mpaka fundi cherehani akimpima alipima kila upande peke yake. Bwana Bei hakulivuta hata siku moja. Alisema petroli ingemchafulia shati.

Alichofanya yeye ni kulinganisha. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake, na wavivu wenzake walikuwa wakija kuisikiliza kama watu wanaokwenda harusini kwa ajili ya chakula.

"Sikilizeni," alikuwa akisema, akipiga goti lake. "Umeme wa nguzo ni mke wa mtu. Unamgharamia wewe, analala anakotaka. Jenereta ni mama mkwe. Kelele nyingi, na kila siku anataka kula."

"Na jua, Bwana Bei?"

"Aaa, jua!" Hapo alifumba macho. "Jua ni mwali. Unatoa mahari mara moja, kazi imekwisha."

Wakacheka mpaka wakapangusana machozi. Mama Barafu, aliyekuwa ndani akigeuza vifuko kwa vidole vilivyokufa ganzi, alisikia kila neno. Mbwa akibweka barabarani hutoki nje kumjibu.

Lakini juu ya jua, mke huyu hakuwa mpinzani, na hili watu hawalijui. Mpwa wa Bwana Bei, kijana aliyesoma mambo ya umeme na kuajiriwa mji mwingine, alikuja likizo akawakalisha wote wawili akawaeleza vizuri, bila kiburi. Umeme wa nguzo, alisema, wenyewe si ghali sana, ila ukikatika unalipa mara mbili: unalipa umeme, na unalipa barafu iliyoyeyuka. Petroli ni rahisi siku ya kununua jenereta na ghali siku zote zinazofuata. Jua ni kinyume chake. Siku ya kununua linakuvunja mgongo, betri nazo huchoka baada ya miaka zikataka mpya, lakini ukichukua gharama yote ukaigawa kwa umri wa vyombo, hakuna umeme wa bei ya chini kama huo.

"Yaani kama kununua ng'ombe badala ya kununua maziwa kikombe kikombe," Mama Barafu alisema.

"Hivyo hivyo, mama mkubwa."

"Basi tununue."

Wakanunua. Akiba ilikuwa ya barafu, na barafu ilikuwa ya vidole vyake, lakini aliyesimama chini na kuelekeza mafundi wakati paneli zikifungwa juu ya paa la kibanda, mkono kiunoni kama mwenye meli, ni Bwana Bei. Mwezi haukupita kabla hajaukatisha umeme wa nguzo. Na hotuba ya benchi ikapata mkia mpya.

"Jua halitaki mtu," alianza kusema. "Linachomoza lenyewe, linafanya kazi lenyewe. Friza zangu sasa zinahitaji tu mtu wa kukaa na kutabasamu."

Mtu wa kukaa na kutabasamu hakuchelewa kupatikana. Alikuwa msichana wa watu, mdogo kuliko binti yao wa mwisho aliyekwisha olewa, na aliletwa nyumbani na kanga zake mbili na haya zake zote. Bwana Bei alimwambia mke mkubwa mipango yake kwa utulivu, akiwa anakula chakula alichopikiwa na huyo huyo mke mkubwa. Kibanda kitakaa na bibi mdogo. Mama Barafu atarudi uani, apike, afue, apumzike.

"Nipumzike kwa kupika na kufua?"

"Mke wangu, kibandani hakuna kazi tena. Ni jua tu."

Alikataa. Akakusanya vitu vyake akasema wagawane. Ukoo ukaitwa, na aliyekaa mbele alikuwa shangazi ya Bwana Bei, kizee kifupi kisichoogopa mtu, ambaye hata wanaume wa ukoo huo walizima sigara akiingia.

"Mwanangu," alisema shangazi, "mwanamke huyu umechuma naye. Gawa."

"Nagawa, shangazi, mimi si dhalimu. Friza moja yake, moja yangu. Yeye achukue jenereta, mimi nibaki na paneli na vikorokoro vyake. Kibanda ni cha marehemu baba, hicho hakigawanyiki."

"Jenereta na paneli ni sawa?"

"Shangazi, jenereta ni mashine nzima! Chuma kitupu. Paneli ni vioo tu."

"Siku zote kwenye benchi unasema petroli ni mama mkwe," Mama Barafu alisema. "Leo unanipa mama mkwe niende naye. Na jua je?"

"Jua ni la Mungu, mke wangu. Mimi nigawe mali ya Mungu?"

Wanaume wakacheka. Shangazi hakucheka. Mama Barafu akawaacha wamalize, kisha akauliza kitu kimoja. Akamuuliza Bwana Bei, katika kulinganisha kwake kote, nguzo na petroli na jua, miaka yote hiyo, kazi ya mkewe aliiweka wapi.

Bwana Bei akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe? Wewe ni familia. Familia haina bei."

Mtu aliyejua bei ya kuku wa kila mtu, bei ya mlango, bei ya kaburi! Na hilo alilisema kwa sauti laini, kama anayempa zawadi.

Walikubaliana hivyo kwa kuwa wanaume walikuwa wengi. Wakati wa kutoka Bwana Bei akawaambia wenzake, kwa sauti ya kutosha mkewe asikie, "Mwacheni aende. Petroli itamrudisha. Nitamkuta jikoni kwangu, anamsongea bibi mdogo chakula." Na shangazi, ambaye sheria za ukoo hakuzitunga yeye, akasema kwa shingo upande kwamba mke akishindwa kujilisha atarudi chini ya paa la mumewe, na akirudi hatachagua kazi. Kwa hiyo Mama Barafu alitoka pale akijua anachocheza nacho. Mkohozi akimlisha, ni mtu huru. Mkohozi akimshinda, ni kijakazi wa mtoto wa watu.

Alipanga chumba cha nyuma kwa muuza mkaa, upande wa pili wa soko. Ukuta ulikuwa mweusi, sakafu nyeusi, na kukohoa walikohoa wote, yeye, muuza mkaa na jenereta. Barafu ilikuwa nzuri. Bei ndiyo ilikuwa mbaya. Petroli ilipanda, naye akapandisha, na wateja wakamwambia pole sana, mama, tunakupenda, wakaenda kununua kwa Bwana Bei, ambaye barafu yake ya jua ilikuwa rahisi kama maji ya kuomba. Hesabu za mpwa zilikuwa za kweli kabisa, na hilo ndilo lililomchoma. Angekuwa amedanganywa angepata faraja. Petroli ilikula sanduku lake la nguo, ikala kitanda, ikaanza kulitazama godoro. Usiku alilala chini, akisikia harufu ya mkaa, akiwaza jiko la yule mwanamume, na kinywa chake kikawa kichungu kama aliyetafuna mwarobaini.

Siku moja muuza samaki akatokea mlangoni na beseni lake kichwani.

"Hodi, mama. Una barafu?"

"Ya bei mbaya ninayo. Hukuhamia kwenye jua wewe?"

"Jua gani! Mumeo ananiuzia maji yenye homa. Natoka pale mfuko mgumu, nikifika njia panda nimebeba supu. Samaki wangu jana walininunia."

"Labda hawajazoea jua."

"Mama, usinichekeshe, nina msiba wa samaki. Nipe, na bei yako nitaimeza."

Akampa. Kesho yake akaja muuza maziwa na maneno yale yale. Mama Barafu akashangaa. Paneli zilikuwa mpya, betri mpya, jua lilikuwa kali mpaka mbwa wamelala chini ya mikokoteni. Jambo gani basi?

Alilijua siku aliyokwenda kuchota maji. Bomba lililotoa maji siku hiyo lilikuwa upande wa zamani, na njia ya mkato ilipita kichochoroni, nyuma ya kibanda cha barafu, ambako paa linashuka chini mpaka mtu akisimama juu ya kreti anaweza kulifikia. Ilikuwa adhuhuri. Juu ya kreti alisimama bibi mdogo, na juu ya paneli, yamelazwa vizuri, mikono imenyooshwa, yalikuwa mashati meupe ya Bwana Bei. Yalizifunika paneli zote isipokuwa pembe moja, na pembe hiyo ilikuwa na soksi.

Mama Barafu alitua ndoo.

"Shikamoo, mama," msichana alisema, akashtuka kidogo.

"Marahaba. Unafanya nini huko juu, mwanangu?"

"Naanika mashati ya bwana. Nikitundika uani yanaingia vumbi la barabara, anagomba mpaka majirani wanasikia. Hapa ni pasafi, halafu pana joto, hivi vioo vinachoma kama pasi. Yanakauka upesi."

"Yeye ameona?"

"Ataonaje? Yuko mbele kwenye benchi. Akiinuka kula nimeshaanua na kukunja. Hajawahi hata kuuliza yanakaukia wapi."

Mama Barafu alifungua kinywa. Naam, alikifungua, na neno lilikuwa tayari ulimini. Msichana alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayengoja kusahihishwa, mikono yake imekunjamana kwa sabuni, na wa kuonewa huruma alikuwa msichana huyo, si mwingine. Kisha kutoka mbele ya kibanda, ikasikika sauti ile, imeshiba, ikisema, "Jua halitaki mtu!" na kicheko cha wavivu kikaifuata.

"Yamekuwa meupe kweli, mwanangu," Mama Barafu alisema. "Hongera."

Akajitwika ndoo yake akaenda zake.

Bwana Bei sasa akaanza kuhangaika. Alimlaumu mtengenezaji. Alimlaumu fundi. Alisema jua la siku hizi limepungua, si kama la zamani, na kuna watu waliokubali. Mwisho akampigia simu mpwa wake, benchi zima likisikiliza.

"Mjomba, hesabu ni ile ile," kijana alisema kutoka huko aliko. "Panda uangalie kama kuna kitu kinatia kivuli kwenye paneli. Kivuli kidogo tu kinaua umeme mwingi."

Akapanda. Lakini Bwana Bei si mtu wa kupanda kitu juani, shati litalowa jasho. Alipanda jioni, kumepoa, mashati yamekwisha kuanuliwa, yamepigwa pasi, na moja akiwa amelivaa mwilini. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna mti, hakuna nguzo, hakuna ghorofa.

"Hakuna hata kivuli cha nzi!" alipiga kelele kutoka juu. "Wameniuzia vitu vibovu!"

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa bei, hakufikiri namna ya kuvitengeneza. Alifikiri namna ya kumbambikia mwenzake.

Alifika kwa muuza mkaa na shangazi yake, ili kuwe na shahidi, kwa sababu aliogopa Mama Barafu akishagundua atarudisha. Aliingia akikunja suruali isiguse sakafu.

"Mke wangu, nimesikia hali yako. Petroli inakumaliza."

"Inanimaliza."

"Mimi nina moyo. Nimesema, mwanamke huyu ateseke na mimi nina jua la bure? Tubadilishane. Nipe Mkohozi, uchukue paneli."

Mama Barafu akainamisha kichwa ili uso usionekane. "Jenereta langu? Ndilo linalonilisha."

"Nakuongezea betri."

"Bila inveta ya kuugeuza umeme, betri nitazifanya mito ya kulalia?"

"Na inveta chukua." Alisema haraka, kama mtu anayetoa mgeni nje kabla hajabadilisha nia.

"Na ile friza yako? Nasikia inayeyusha."

"Chukua hiyo pia... hapana, hiyo bado naihitaji."

"Haya. Ila mbele ya shangazi, niambie kitu kimoja. Vyombo hivi ni vizima au vibovu?"

Bwana Bei akaweka mkono kifuani, juu ya shati. "Vizima! Vizima kabisa, havina dosari hata moja. Mpwa wangu aliyesoma alivichagua mwenyewe. Mbele ya shangazi nasema, na Mungu ananisikia."

Katika ndoa yote ile hiyo ilikuwa mara ya kwanza anamwambia mkewe kweli tupu, na maskini wa Mungu alidhani anadanganya.

"Shangazi umesikia," alisema Mama Barafu. "Nakubali. Na akisema kesho nirudi jikoni kwake?"

Shangazi akamtazama Bwana Bei, akautazama ule uso ulioinama, akakunja pua kama mtu anayenusa kitu jikoni asijue kama ni kizuri au kimeungua. "Mmebadilishana kwa hiari. Mambo ya kurudi yamekwisha. Nimeyafunga mimi."

Mkokoteni mmoja ulipeleka, huo huo ukarudisha.

Jua ni la bure kama maji ya mtoni yalivyo ya bure, sharti mtu aende na ndoo. Juu ya paa la muuza mkaa vumbi jeusi lilikaa kwenye vioo kila siku, na kila siku Mama Barafu alipanda asubuhi na kitambaa chenye maji, akavifuta kabla havijapata moto. Mchana akageuza vifuko. Jioni akazitazama betri. Bei ya barafu yake ikashuka, foleni ikarefuka, godoro likabaki na baadaye likapata kitanda. Akamwajiri dada mmoja wa kufunga maji, akawa akimpa ujira wake kila wiki, mkononi, mbele ya watu, kwa makusudi.

Upande wa pili kibanda kilijaa moshi. Wateja walirudi kwa siku chache kisha bei ya petroli ikawafukuza tena. Bwana Bei alivuta kamba ya Mkohozi mara moja tu, mbele ya marafiki, jenereta likamkohoa kifuani, na baada ya hapo ikawa kazi ya bibi mdogo. Msichana huyo hakudumu. Siku aliyoondoka kurudi kwao alipitia kwa muuza mkaa kuaga. Mama Barafu alimpa mfuko wa barafu kwa ajili ya safari, bila kusema lolote juu ya mashati, na mpaka leo mwenyewe hajui vizuri kama huo ulikuwa wema au uovu.

Benchi halikukosa hotuba. Sasa Bwana Bei aliwaeleza watu jinsi alivyomuuzia mke wake wa zamani takataka, akampokonya mashine nzima ya chuma. "Akili, jamani," alisema, akigonga kipaji cha uso. "Mwanamke hajui thamani ya kitu." Watu walimsikiliza, mikononi wakiwa na soda baridi zilizotoka upande wa pili wa soko.

Shangazi ndiye aliyekuja kuuliza. Alikaa juu ya gunia la mkaa, akapewa maji yanayogonga meno, akatazama paani, akatazama friza iliyofurika barafu nyeupe.

"Vilikuwa vizima tangu mwanzo."

"Ndivyo alivyoapa, shangazi. Wewe ulikuwepo."

Kizee kikacheka mpaka kikashika mbavu. Kilipotulia kikafuta macho kwa upindo wa kanga. "Sasa na wewe, utamwambia lini kilichokuwa kinazuia?"

"Siku atakayoniuliza."

"Atakuuliza huyo?"

"Aniulize mimi?" Mama Barafu akafunika friza. "Kwangu mimi hana swali, shangazi. Anajua kila kitu."